Uliza Kijiti

Trekta yetu ilikuwa na nipo kumi na tatu za grisi, na mume wangu Kisilu alikuwa amezipa zote majina. Nipo ni ile chuchu ndogo ya chuma ambapo unabandika mdomo wa bomba, unapiga, na grisi inaingia ndani mahali chuma kinasugua chuma. Ile ya gurudumu la mbele upande wa kushoto iliitwa Mzee wa Kanisa, kwa sababu ilikuwa inakula sana na haishibi. Mbili za usukani ziliitwa Mapacha. Na kulikuwa na moja imejificha nyuma ya giaboksi, mahali jicho halifiki, mpaka ulale ubavu na uitafute kwa kidole. Hiyo aliita Mama Mkwe.

"Huyo," alikuwa akisema, "unampa chake bila kumtazama usoni."

Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani mpaka mwenzake apite. Kwa hivyo watu walicheka sana. Hata mama yangu mzazi alipoambiwa alicheka, akafunika mdomo na leso.

Haikuwa trekta kubwa. Ukisimama kando yake boneti ilikufika kifuani. Ilikuwa imetengenezwa kwa kazi ya bustani, kupita katikati ya mistari ya michungwa bila kuvunja matawi, na ndiyo kazi iliyofanya kwa mzungu mmoja huko chini karibu na Kiboko. Kisilu alikuwa mtu wa kupaka mashine mafuta katika shamba hilo kwa miaka kumi na moja. Mwaka wa sitini na sita mzungu akafunga nyumba, akaenda kwao, na trekta ndogo akamwachia Kisilu kwa sababu, alisema, hakuna mwingine ambaye ingemkubali. Kisilu aliendesha siku mbili kando ya reli mpaka Emali, kisha akapanda huku kwetu upande wa Mulala. Aliingia bomani uso mwekundu wa vumbi, meno tu ndiyo meupe. Hakuniamkia. Alisema, "Leta maji na kitambaa." Nikaleta, nikidhani ni vya kunawa. Akaosha trekta.

Mungu alitupa mtoto mmoja, Ndila, na Ndila aliolewa mbali, Zombe, kwa hivyo kazi ya kupaka nilifundishwa mimi. Tena mkono wangu ni mdogo, ulifika kwa Mama Mkwe bila shida. Kuendesha sikujifunza. Mguu wangu haukufika klachi mpaka nishuke kwa kiti, na mtu hawezi kuendesha akiwa amesimama kama anakanyaga mtama. Lakini kupaka nilijua. Asubuhi kabla ya kazi unachukua kitambaa kikavu, unapanguza nipo kwanza. Usipopanguza unasukuma mchanga ndani pamoja na grisi, na mchanga na grisi, kwa vumbi hili letu, ni jiwe la kusagia. Kisha unapiga bomba polepole mpaka ile ya zamani nyeusi itoke pembeni, uendelee mpaka uone nyingine inatoka safi, ya manjano. Hapo unaacha. Unapanguza tena, kwa sababu grisi ikibaki nje inaita vumbi kama asali inavyoita chungu.

Mafuta ya injini yalimwagwa yakiwa moto, baada ya kazi, si asubuhi yakiwa yamelala. Unafungua nati ya chini, unaweka karai, unaacha yadondoke usiku kucha mpaka tone la mwisho. Asubuhi unafunga nati, unaweka mapya. Yale ya zamani hayatupwi, unapaka nguzo za zizi la mbuzi, na mchwa hawakaribii.

Na juu ya yote kulikuwa na kijiti. Kilikuwa kipande cha chuma chembamba, urefu wa mkono mpaka kiwiko, kinaingia kwa tumbo la injini. Unakivuta, unakipanguza, unakirudisha, unakivuta tena, na hapo ndipo kinakuambia mafuta yamefika wapi. Kuna alama mbili, ya chini na ya juu. Kisilu hakuwasha trekta hiyo hata siku moja bila kuvuta kijiti, hata kama alikuwa amejaza mafuta kwa mkono wake na mkono ungali unadondosha.

"Usiulize mtu," alinifundisha. "Uliza kijiti. Mtu husema ndiyo ili umwondokee."

Sasa kuna jambo la neno, na ni lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililotumaliza. Kwa Kikamba tunasema *mauta*. Mauta ni ya kumpaka mtoto, ni ya kupikia, ni ya taa, ni ya mhubiri kumpaka mgonjwa, ni ya gari. Kisilu hakupenda mchanganyiko huo. Kwa kinywa chake petroli ilikuwa petroli, basi. Hiyo ni ya kuchomwa, alisema, ni kama kuni. Mafuta ni yale yanayopakwa, yanayokaa katikati ya chuma na chuma ili visiumane. Kwa hivyo nyumbani kwetu ukisikia "weka mafuta," ujue ni yale mazito ya injini. Neno oili hakulitumia, alisema ni la watu wa gereji wanaotaka kuonekana wanajua. Miaka kumi na tisa tulisema hivyo, yeye na mimi, tukaelewana. Nikasahau kwamba hicho kilikuwa Kiswahili cha nyumba moja.

Mwaka wa themanini na nne jua lilichoma kila kitu. Ng'ombe walikufa, na maksai wa kulima walikufa, si wetu tu, wa kila mtu. Mvua iliporudi hapakuwa na mnyama wa kuvuta jembe kutoka kwetu mpaka mtoni. Trekta ndogo ndiyo ililima. Kisilu alilimia wajane kwanza, kisha watu wa kanisa, kisha wale ambao walikuwa wakimcheka ati amezeeka na mwanasesere. Alilima mpaka tumbo likaanza kumwuma. Alidhani ni kutikisika kwa kiti. Mwezi wa nane mwaka uliofuata hakuweza tena kukaa kwa kiti hicho, na tukampeleka hospitali.

Alilala huko wiki saba. Mimi nilienda nikirudi, na nilipokuwa nyumbani niliendelea kupaka nipo zote kumi na tatu kila Jumamosi ingawa haikutoka nje, kwa sababu alikuwa akiniuliza. Hakuuliza mbuzi, hakuuliza mahindi. "Mzee wa Kanisa ameshiba?" "Hajashiba." "Na Mama Mkwe?" "Nilimpa." Alikuwa akifumba macho nikimjibu, kama mtu anasikiliza Neno.

Mwisho daktari aliniita pembeni. Alikuwa kijana mpole. Alisema dawa zimefika mwisho wa kazi yao na afadhali mzee akae kwake. Niliporudi kitandani Kisilu hakuniuliza daktari amesema nini. Alinishika kifundo cha mkono.

"Mama Ndila, gari la hapa litanifikisha Emali. Kutoka Emali usinitafutie gari la mtu."

"Sasa nikubebe mgongoni?"

"Njoo na trekta. Weka godoro kwa trela. Nataka nifike kwangu nikiisikia ikiongea. Sitakuomba kingine."

Nilimwambia nitakuja nayo. Hiyo ndiyo ahadi, na tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine kichwani.

Dereva alikuwa Mutie, mdogo wake Kisilu. Mutie aliendesha basi huko Mombasa, mtu wa maneno mengi na kofia ya pembeni, lakini moyo wake ni mzuri. Alipata barua Jumamosi na Jumanne alikuwa amefika. Jumatano alitoa trekta akaleta maji kwa mapipa, ili injini iamke baada ya kulala. Aliporudi jioni alinikuta nimekaa na karai langu nikingoja.

"Shemeji," akasema akishuka, "watu husema kaka yangu alioa mke mmoja. Uongo. Alioa wawili, na huyu wa chuma ndiye anapakwa mafuta kila asubuhi. Wewe ulipakwa lini?"

"Nenda ukalale, Mutie. Kesho alfajiri uwe hapa, twende tumchukue kaka yako Emali."

Akaenda kwake, ng'ambo ya kilima, akicheka. Hakuona nikifungua nati ya chini. Mafuta yalitoka moto, meusi kama chai ya msiba, na nikayaacha yadondoke. Nilitaka Kisilu aje na mafuta mapya. Nilikuwa na debe jipya kutoka kwa Waithera, mama mmoja mjane aliyeuza spea na grisi pale Emali, na debe hilo nililiweka kando ya ukuta nikalifunika na gunia ili vumbi lisiingie nikilifungua.

Alhamisi niliamka kabla ya jogoo. Nilifunga nati, nikaikaza na spana mpaka ikakataa. Nikachukua karai la mafuta ya zamani, nikaenda kupaka nguzo za zizi, kwa sababu hiyo ndiyo desturi na mikono ilijiendea yenyewe. Kisha nikakumbuka uji. Kisilu hakuwa anakula ila uji mwepesi wa wimbi, na nilitaka aupate wa kwake, si wa hospitali. Nilikuwa jikoni nachuja uji kwa kitambaa cheupe, mikono yote miwili imeshika, niliposikia Mutie amefika na anagongagonga kitu huko nje.

Nikapaza sauti: "Mutie! Usiwashe! Weka mafuta kwanza!"

"Nimeshaweka, shemeji!"

"Umeweka?"

"Nimejaza mpaka shingoni!"

"Yote?"

"Yote! Hata tone sijaacha!"

Hivyo tu. Nimeyarudia maneno hayo miaka mingi, nikiyapindua kama mtu anayetafuta mbegu mbaya kwa ungo, na hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Mutie alikuwa amemimina dumu zima la petroli kwa tangi. Kwa mtu wa Mombasa, mtu anayesimamisha basi kituoni na kusema "weka mafuta," mafuta ni nini tena? Na ile ya injini, ambayo yeye angeita oili, hakuiwaza hata kidogo. Angeiwazaje? Trekta ya Kisilu kukosa oili ni kama mhubiri kukosa Biblia.

Nilitoka na chupa ya uji kwapani, godoro kichwani, blanketi mkononi. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Nilifikiria kijiti. Nasema kweli, nilikifikiria, na miguu yangu ilianza kuzunguka kwenda upande huo. Mutie akapiga kelele juu ya mngurumo: "Panda, shemeji, twende! Utamwacha mzee juani?" Nikaangalia jua, lilikuwa limeshapanda mkono mmoja. Nikapanda kwa trela.

Kutoka kwetu mpaka mtoni ni maili mbili. Mto wetu ni mto wa mchanga. Mwaka mzima ni mweupe na mkavu, watu wanachimba visima ndani yake, na kuuvuka magari ya watu hayawezi, yanazama mpaka ekseli. Ndiyo maana Kisilu alijua kwamba njia pekee ya kufika kwake akiwa amelala ni trekta. Tuliteremka ukingo vizuri. Trela ilikuwa kimya kabisa, magurudumu yake nilikuwa nimeyapaka mimi. Tulipofika katikati, mahali mchanga ni mzito, injini ikaanza kugonga. Tok, tok, kama mtu anabisha hodi kwa adabu.

"Mutie! Zima!"

"Ni mchanga, shemeji! Nikizima hapa hatutoki!"

Ikagonga kwa haraka. Kisha ikalia. Nilikuwa nimeishi na sauti hiyo miaka kumi na tisa na sijawahi kuisikia ikilia namna hiyo, sauti nyembamba, ya mnyama mdogo. Halafu ikakamatwa, papo hapo, na trela ikaigonga kwa nyuma, na mimi nikaanguka juu ya godoro. Chupa ya uji haikuvunjika. Nakumbuka niliitazama kwanza.

Palikuwa na harufu ya chuma kilichoungua. Mutie alijaribu kuzungusha hendeli ya mbele, ikakataa hata kusogea upana wa kidole. "Imenoki," akasema, na kofia akaivua. "Shemeji, imenoki. Lakini kwa nini? Mafuta nilijaza mimi mwenyewe. Tazama!" Akafungua kifuniko cha tangi, akanionyesha. Petroli ilikuwa imefika shingoni kabisa, inameremeta.

Ndipo nikaelewa. Nilienda upande wa pili nikavuta kijiti, nikijichoma vidole. Kilikuwa kikavu, na ncha yake imegeuka bluu. Nikakirudisha kabla Mutie hajazunguka.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Lakini nilimwona amekaa mchangani, mtu mzima, kofia kwa magoti, anasema, "Nitamwambia kaka nini? Nitamwambia nini mimi?" Nikafunga mdomo. Nilimwambia arudi akatafute wanaume watatu wa kanisa na kitanda cha kamba, yeye awe wa nne, wamngoje kaka yake kwa ukingo. Kisha nikafunga leso kiunoni, nikachukua chupa ya uji, nikaenda Emali kwa miguu.

Nilifika saa saba. Kisilu alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka la Waithera, koti la kanisani limemning'inia kama limetundikwa kwa msumari. Malori yalikuwa yanapita kwenda Mombasa, treni ilikuwa kituoni inapuliza, na katikati ya kelele hizo zote alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea njia ya kwetu.

"Tangu saa nne ako hivyo," Waithera aliniambia chini chini. "Nimemwambia aingie ndani alale, anasema nikiingia sitaisikia ikija. Mama Ndila, iko wapi?"

Kisilu alinitazama miguu. Ilikuwa nyeupe ya vumbi mpaka magotini.

"Imekwama mtoni," nikasema.

"Trekta yangu haikwami."

"Mchanga ulikuwa mwingi."

"Hata ikikwama, ungeiacha ikiongea." Akaniangalia vizuri. "Imenyamaza?"

"Imenyamaza."

Nilimmiminia uji. Alikunywa vijiko vinne, kwa ajili yangu, nilijua. Waithera alitoa pikapu yake, akatufikisha kwa ukingo akiendesha polepole sana, akiomba msamaha kwa kila shimo kana kwamba alilichimba yeye.

Wanaume walikuwa wamefika. Walimlaza kwa kitanda, wakaingia naye mchangani, na walipofika karibu na trekta alisema, "Niwekeni."

"Kaka, jua," Mutie akasema.

"Niwekeni hapa."

Wakamweka. Alikaa kwa ubao wa kitanda, akanyoosha mkono, akagusa boneti kama mtu anapima joto la mtoto. Kisha akavuta kijiti. Akakipanguza kwa blanketi. Akakirudisha, akakivuta mara ya pili, kama kawaida yake, na akakiinua juu kwa mwanga.

"Si mafuta, kaka," Mutie akasema. "Mafuta nilijaza. Mpaka shingoni. Shemeji ni shahidi, aliniuliza nikamjibu."

Kisilu alinitazama mara moja tu. Hakunitazama kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Ni uzee," akamwambia Mutie. "Pistoni ilikuwa imechoka tangu mwaka jana. Nilijua. Ni mimi sikusema." Kisha akanipa kijiti, nikakifunga ndani ya leso, na wakamwinua.

Siku ya pili, Ijumaa, tulikuwa wawili ndani ya nyumba. Mutie alikuwa ameenda kumpigia Ndila simu kutoka posta. Kisilu alikuwa amegeukia ukutani na nilidhani amelala.

"Mama Ndila. Ulimwuliza mtu."

"Nilimwuliza."

"Akasema?"

"Akasema amejaza mpaka shingoni."

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani ni maumivu nikainuka. Alikuwa anacheka, kidogo, kwa pumzi aliyokuwa nayo. "Hakudanganya," akasema. Kisha kicheko kikamwuma, tukangoja kipite.

"Mutie asijue," akasema baadaye. "Anabeba watu huyo. Basi zima. Dereva akijua ameua injini kwa mkono wake, kila asubuhi mkono utaanza kumwuliza maswali."

"Na mimi, Baba Ndila?"

"Wewe utabeba," akasema. "Paji lako limezoea ukanda."

Sisi wanawake wa Ukambani maji tunabeba mgongoni, na ukanda wa mtungi unapita kwa paji la uso. Ukitazama wazee wetu utaona alama. Ninayo.

Jumapili watu walienda kanisani, nikabaki naye. Walikuwa wamekubaliana kwamba Jumatatu wangeleta kamba na kuivuta trekta kwa mikono, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Mbooni siku tatu. Huku kwetu hakukuwa na tone. Lakini mto wa mchanga haungoji mvua yako. Mvua inanyesha huko juu kwa wenzako, na maji yanakuja kwako jua likiwa linawaka.

Kama saa sita Kisilu alikuwa anapumua kwa shida. Alikuwa anaenda na kurudi, anazungumza na watu wa Kiboko, anamwambia mtu apanguze kwanza. Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba. Ndipo nikausikia. Maili mbili, lakini mto ukija unasikika. Ni sauti nzito ya chini, haipandi haishuki, kama kitu kinachopanda mlima na mzigo.

Kisilu alifungua macho. Uso wake ukafunguka pia.

"Inakuja," akasema.

Nilijua anasema nini. Na nilijua maji hayo yamefika wapi na yanafanya nini kwa wakati huo.

"Inakuja," nikasema.

"Nani anaendesha?"

"Mutie. Anakuletea."

Akasikiliza. Sauti ilikuwa inaongezeka. Hata maji ndani ya kikombe yalikuwa yanatetemeka. "Inaongea vizuri," akasema. Kisha mkunjo wa wasiwasi ukaja katikati ya nyusi, ule ule wa kila asubuhi. "Ina mafuta?"

"Ina mafuta."

"Umeuliza kijiti?"

Kijiti kilikuwa kimechomekwa kwa mabati juu ya kichwa chake, kikavu, ncha bluu. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau, au alikuwa ananipa nafasi nijibu tena.

"Nimeuliza," nikasema. "Yamefika alama ya juu."

Akatingisha kichwa. Aliendelea kuisikiliza ikija, nami nilimshika mkono nikaomba kimoyomoyo mto usipungue haraka. Haukupungua. Ulikuwa unanguruma bado watu walipotoka kanisani wakakimbilia ukingoni kutazama, na wakati huo yeye alikuwa ameshafika.

Trekta haikuonekana tena. Trela walikuja kuipata maili nne chini, imeegemea mkuyu, na magurudumu yake, ukiyasukuma, bado yanazunguka bila kelele.

Mwaka wa tisini na nne malori ya kuchota mchanga yalianza kuja mtoni kwetu. Siku moja mwanamke wa jirani alikuja mbio kuniambia vijana wa mchanga wamegonga chuma. Nilichukua fimbo yangu nikaenda. Mutie alikuwa ameshafika, basi alikuwa ameacha, anafuga mbuzi, na kofia bado ya pembeni. Trekta ilikuwa imelala kichwa chini kwenye shimo, rangi imeliwa yote, hakuna aliyejua ilikuwa nyekundu ila sisi wawili.

Nilishuka shimoni. Walinikataza, nikashuka. Nililala ubavu mchangani, nikapitisha mkono nyuma ya giaboksi, na kidole kikampata Mama Mkwe mahali pake pale pale. Nikampanguza na leso, nikachukua mwiba, nikabonyeza lile tundu dogo katikati. Grisi ikatoka kidogo. Ilikuwa safi, ya manjano, kama nimeiweka Jumamosi.

Huko juu Mutie alikuwa anawahadithia vijana. "Msione hivi," alikuwa anasema. "Hii ilikuwa mashine. Ni uzee tu uliiua, kaka mwenyewe alisema. Kwa sababu mafuta yalikuwemo. Nilijaza mimi. Si ndiyo, shemeji?"

Nikapanguza kidole.

"Ndiyo, Mutie," nikamjibu. "Ulijaza mpaka shingoni."